Binti yangu wa darasa la kwanza: ni kipaji, ni utundu, au ni mapenzi ya mzazi tu?

MamaWawili (Morogoro)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na walionizidi umri nawaamkia.

Nina binti wa miaka sita ambaye mwaka huu ameanza darasa la kwanza katika shule ya msingi iliyo karibu na kwetu. Hatukumfundisha kusoma. Alikuwa na mazoea ya kukaa mezani wakati kaka yake wa darasa la nne akifanya kazi za nyumbani, na kabla hajatimiza miaka mitano tulimkuta akisoma majina ya kanga zangu zilizoanikwa kwenye kamba, mabango ya barabarani, hata karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi la dawa. Baba yake alidhani amekariri, akamwandikia sentensi ambayo hakuna aliyewahi kuiandika, kwamba mbuzi amevaa miwani ya bibi. Aliisoma huku akicheka, kisha akauliza miwani hiyo itashikwa na nini wakati masikio ya mbuzi yamelala.

Kilichonileta hapa, hata hivyo, ni jambo la vizibo. Mwalimu aliagiza kila mtoto apeleke vizibo 20 vya soda kwa ajili ya kuhesabu. Wenzake walipokuwa wakijumlisha, yeye alivipanga vyake katika umbo la mraba: kimoja, kisha vinne, kisha tisa, kisha kumi na sita. Jioni akaniambia kwamba mraba kila ukitaka kukua unadai vizibo viwili zaidi ya ulivyodai mara iliyotangulia. Ilinibidi nivipange mwenyewe sakafuni ndipo nikamwelewa. Siku hiyo hiyo alirudi na alama 4 kati ya 10, kwa sababu maswali sita hakuyagusa kabisa.

Mwalimu wake wa darasa anasema ni mtundu na mjuaji, na kwamba humkatiza anapofundisha. Mwandiko wake hausomeki, na akishindwa katika mchezo hulia kama mtoto wa miaka mitatu. Mwalimu mkuu naye, baada ya kumsikia akisoma gazeti, amependekeza arushwe hadi darasa la tatu. Mama mkwe wangu anasema nyota njema huonekana asubuhi. Mume wangu anasema tusimsifu kupita kiasi akavimba kichwa. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili: ukiacha kusoma mapema, kipaji cha akili kwa mtoto mdogo hutambulikaje, na je, kumrusha darasa ni kumsaidia au ni kumwondolea utoto wake?

Mwalimu Mstaafu (Tanga)

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha miaka 34, na mingi kati ya hiyo nilikuwa na madarasa ya chini, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, na kwa sehemu nitakuwa najijibu mwenyewe.

Sisi walimu tunawajua upesi watoto hodari wa darasani. Mtoto hodari anajua jibu, daftari lake ni safi, anamaliza kazi kwa wakati, na anapenda kuambiwa amepata. Mtoto mwenye kipaji cha akili anaweza kuwa huyo huyo, lakini mara nyingi si yeye. Anaweza kuacha maswali sita bila kuyajibu kwa sababu swali la saba, ambalo halikuulizwa na mtu, ndilo lililomshika. Habari yako ya vizibo imenigusa kuliko habari ya gazeti. Kusoma mapema kunaweza kutokana na kaka mwenye subira na meza iliyo karibu. Kuona kwamba miraba inakua kwa utaratibu fulani, bila kuelekezwa, na kuweza kuutaja utaratibu huo kwa maneno yake, ni jambo la namna nyingine.

Lugha yetu yenyewe imeficha jambo hapa. Neno “mtundu” tunalitumia kwa mtoto anayevunja vitu, na pia kwa yule anayevifungua ili aone vilivyomo ndani, na fimbo ya mwalimu haijui kutofautisha. Kwa “mjuaji” ni vivyo hivyo. Mtoto anayemkatiza mwalimu anakosa adabu, na hilo afundishwe, lakini unapaswa pia kusikiliza alichokatizia. Je, alitaka kuonekana, au alikuwa ameona kwamba maelezo ya leo hayaafikiani na ya jana?

Kumbukeni kisa cha Erasto Mpemba, ambacho kilitokea hapa hapa mkoani kwetu. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake, na kwa kuhofia kukosa nafasi katika friza akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipouliza sababu, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa, na baadaye, akiwa shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamtania darasani kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Aliendelea kulibeba swali lake, na huko huko Mkwawa akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walimcheka, lakini Osborne alirudi akalijaribu jambo hilo maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala kwa pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu sababu za tukio hilo, na hata kuhusu kama linatokea kila mara. Jina linalotumika duniani kulitaja, hata hivyo, ni la Mpemba. Ninachokiona mimi kama mwalimu ni kwamba kijana yule hakujulikana kwa alama zake. Alijulikana kwa swali ambalo hakukubali kuliacha, na angekuwa mnyonge kidogo tu, lingemfia mdomoni.

Mimi ninaye wangu ambaye hakufika Mkwawa. Alikaa dawati la nyuma, akitengeneza magari ya waya yenye usukani unaokata kona kwelikweli, na katika hesabu hakuvuka alama ya wastani. Nilimnyang'anya magari matatu. Haikunijia hata siku moja kumuuliza usukani ule aliufikiriaje.

Ushauri wangu kwa sasa ni mwepesi. Nunua daftari dogo, na kwa mwezi mmoja andika maswali anayouliza binti yako, pamoja na tarehe na alichokuwa akifanya. Majibu yake usiyaandike, kwa sababu majibu yanaweza kuwa ya kaka yake. Kisha omba kuonana na mwalimu wa darasa kwa upole, wala usianze kwa kusema “mwanangu ana kipaji”, kwa maana mwalimu mwenye watoto wengi kuliko madawati yake atasikia kwamba unamdai kazi nyingine. Mwonyeshe vizibo.

Mtathmini wa Elimu Maalumu (Kisumu)

Nakubaliana na mwalimu kwa mengi, na ningependa kuongeza upande wa vipimo, kwa kuwa naona wazazi wengi huja wakiuliza, “Mtoto wangu ana IQ ngapi?”, yaani alama zake katika kipimo cha akili.

Inafaa kukumbuka kwamba kipimo cha kwanza cha aina hiyo kilichofanikiwa, kile cha Alfred Binet na Théodore Simon cha mwaka 1905 kule Paris, kilitengenezwa kwa ajili ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada shuleni. Kuwasaka wenye vipaji kulikuja baadaye. Katika vipimo vya leo wastani ni 100, na mahali pengi mtoto huhesabiwa kuwa na kipaji akifika 130 au zaidi, jambo ambalo hutokea kwa takriban watoto 2 katika kila 100. Lakini mstari huo umechorwa na watu kwa sababu za kiutawala. Mtoto wa 128 na wa 131 hawana tofauti ambayo mwalimu angeweza kuiona. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza mwaka 1921 kuwakusanya watoto wa California waliopata alama za juu sana, akawafuatilia maisha yao yote. Miongoni mwa waliopimwa wakaachwa nje walikuwamo William Shockley na Luis Alvarez, ambao baadaye kila mmoja alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Huku kwetu kuna tatizo jingine. Mtoto anapopimwa kwa lugha isiyo yake, kwa picha za vitu asivyovijua, kinachopimwa kwa kiasi kikubwa ni mazoea. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walifanya kazi Usenge, karibu na Ziwa Viktoria, wakawauliza watoto kuhusu dawa za mitishamba zinazotumiwa nyumbani. Waliozijua vizuri zaidi ndio walioelekea kupata alama za chini katika msamiati wa shuleni, pengine kwa sababu familia zao zilithamini elimu ya nyumbani kuliko ya darasani. Wazazi wa Kijaluo, walipoulizwa maana ya akili, hawakuishia kwenye “rieko”, yaani maarifa. Walitaja pia “luoro”, yaani heshima na kujali wajibu. Kwa kipimo hicho, binti anayemkatiza mwalimu amekwisha kupoteza alama.

Watafiti hao hao walikwenda pia Bagamoyo. Waliwapa watoto mafumbo, wakawafundisha kwa muda mfupi, chini ya saa moja, namna ya kuyafikiria, kisha wakawapa mengine. Alama zilipanda, lakini jambo la maana zaidi ni kwamba mpangilio wa nani yuko juu na nani yuko chini ulibadilika sana. Basi ukitaka kumjua mtoto, mfundishe jambo jipya kwa dakika chache, halafu uangalie linampeleka wapi. Ukipata mtu aliyefundishwa kupima kwa namna hiyo, ni vizuri. Usipompata, wewe mwenyewe unaweza kuanza.

Sasa nirudi kwa binti yako, dada. Kwanza, hakikisha kwamba anaelewa anachokisoma. Wapo watoto wanaotamka maandishi kwa ufasaha wa kushangaza wakiwa wadogo sana huku maana ikiwapita, na kwa baadhi yao hiyo ni mojawapo ya dalili za usonji. Swali lake la masikio ya mbuzi linanitia moyo kwamba haelei juu ya maneno. Hata hivyo msomee kisa kifupi asichokijua, umuulize kwa nini mhusika alifanya alivyofanya, na nini kingetokea kama asingefanya. Pili, usishangae kuhusu kilio na mwandiko. Ukuaji wa watoto hawa mara nyingi hauendi sambamba: fikra ni za mtoto wa miaka tisa, hasira ni za miaka sita, na vidole vinavyoshika penseli vinaweza kuwa vya miaka mitano. Tatu, mwandiko ukiendelea kuwa mbaya kwa kiasi hicho hata baada ya mazoezi ya mwaka mzima, apimwe macho na uratibu wa mkono, kwa sababu kipaji na ugumu wa kujifunza vinaweza kukaa ndani ya mtoto mmoja, kila kimoja kikifunika kingine, naye akaonekana wa kawaida kabisa.

Hapa Kenya wanafunzi wenye vipaji huhesabiwa na sera ya elimu kuwa miongoni mwa wenye mahitaji maalumu, na tunavyo vituo vya tathmini vilivyoanza mwaka 1984, ambavyo wengi huviita EARC. Sitadai kwamba kila kituo kina muda wa kumtazama mtoto anayefanya vizuri, kwani foleni ni ndefu na wenye shida kubwa hutangulia. Huko kwenu mnazo shule za vipaji maalumu, kama vile Ilboru, Kibaha, Mzumbe na hiyo Kilakala iliyo Morogoro, lakini hizo ni za sekondari, na mlango wake ni alama za mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtoto aliyechoka na kuzima akiwa darasa la pili hafiki kwenye mlango huo.

Fundi Mitambo (Dodoma)

Niruhusuni niseme kama mtu aliyerushwa darasa, maana naona wote mnazungumza mkiwa upande wa watu wazima.

Nilitolewa darasa la tatu nikapelekwa la tano. Kimasomo sikudhurika, isipokuwa kugawanya kwa njia ndefu, ambako kulifundishwa mwaka nisiokuwapo. Dada yangu alinifundisha usiku kwa taa ya chemli, na kwa muda mrefu nilifikiri ni siri ambayo wenzangu wote walipewa nami nikanyimwa. Kwenye mpira nilikuwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo nikawa mlinda begi. Nilipofika sekondari wenzangu walibadilika sauti na mimi bado.

Je, najuta? Hapana. Katika darasa la tatu nilikuwa nimeanza kuwachapa wenzangu kwa sababu ya kukaa bure. Kinachonikera ni kwamba hakuna aliyeniuliza. Mwalimu mkuu alikuja, akanishika mkono, tukavuka uwanja na begi langu, na marafiki zangu wakabaki dirishani wakiangalia. Dada, muulizeni mtoto. Tena kuna hatua kabla ya kuruka: anaweza kwenda darasa la tatu kwa vipindi vya kusoma peke yake, kisha akarudi kwa wenzake. Shule haigharimiki chochote zaidi ya kupanga ratiba.

Na jambo moja kwa wazazi wenzangu wote, si kwako tu. Siku hizi kila mtoto anayejua kufungua simu anaitwa jiniasi, na jioni anapelekwa tuisheni hadi saa moja usiku. Huko si kukuza kipaji.

Mtathmini wa Elimu Maalumu (Kisumu)

Nashukuru kwa ushuhuda huo, na unaafikiana na tafiti. Mradi ulioanzishwa na Julian Stanley mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins umewafuatilia vijana wenye uwezo mkubwa wa hisabati kwa miongo mingi, na kwa jumla waliosogezwa mbele hawakuharibika kijamii kama ilivyohofiwa. Lakini “kwa jumla” si mtoto wako. Kwa binti wa miaka sita mwenye mwandiko dhaifu, kupanda madarasa mawili kwa mpigo ni kwingi. Mwandiko huo utaadhibiwa vikali zaidi darasa la tatu. Pendekezo la vipindi vichache ni la busara.

Shangazi Mlezi (Zanzibar)

Neno dogo kwa kuwa ni mtoto wa kike. Wavulana wakichoka darasani hufanya vurugu na huonekana. Wasichana wengi hujifunza kunyamaza, wakajifanya hawajui ili wapate marafiki. Wangu alifanya hivyo alipofika darasa la nne, akawa anakosea kwa makusudi swali moja au mawili katika kila zoezi, nami nikadhani ni uvivu. Ikiwa wako bado anamkatiza mwalimu, fundisheni adabu kwa uangalifu, msije mkaizima na sauti pamoja nayo.

MamaWawili (Morogoro)

Shikamoo, mwalimu, na nyote mliojibu nawashukuru. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza mwezi ule uishe.

Daftari limenifundisha unyenyekevu. Wiki mbili za mwanzo lilijaa: kwa nini mwezi unatufuata tukiwa kwenye daladala lakini haumfuati mtu aliyesimama, kabla ya Jumatatu ya kwanza kabisa ilikuwa siku gani, kwa nini “saba” ina herufi nne na “nne” ina herufi tatu. Kisha paka wa jirani akazaa, na kwa siku tisa mfululizo hakuuliza kitu chochote kisichohusu paka. Nilianza kuhuzunika, nikidhani kipaji kimekwisha, hadi nilipojicheka mwenyewe.

Nilimsomea kisa kama nilivyoelekezwa. Anaelewa, ila akipenda mhusika anakataa kukubali kwamba alikosea, na tunabishana. Kuhusu sifa, tumekubaliana na baba yake kwamba hatutamwambia “una akili”; tutamuuliza alivyofanya hadi akapata. Imekuwa vigumu zaidi kwa bibi yake, ambaye kila mgeni akija anamwita asome jina la kanga.

Mwalimu wa darasa nilikutana naye. Nilivipanga vizibo juu ya meza yake bila kusema mengi. Alivitazama kwa muda, akasema kwamba siku ile alidhani mtoto anachezea vifaa, na kwamba ana watoto 87 darasani. Sikuwa na la kumjibu kwa hilo. Tumekubaliana kwamba mtoto akimaliza kazi yake yote, yakiwemo maswali mepesi, ataruhusiwa kuchukua kopo la vizibo na kukaa nalo kwenye kona, na mara mbili kwa wiki atakwenda kusoma na darasa la tatu.

Nilimuuliza mwenyewe anaonaje kuhusu kuhama moja kwa moja. Alifikiri, halafu akaniuliza kama darasa la tatu nako kuna vizibo. Nilimwambia sidhani. Akasema basi atakwenda kusoma na kurudi. Je, mwalimu, nimpe kitu gani sasa? Miraba ameichoka, juzi alifika mraba wa 100 akaniambia sasa anajua itakavyokuwa siku zote.

Mwalimu Mstaafu (Tanga)

Marahaba, mwanangu. Huyo mwalimu mwenye watoto 87 mpelekee salamu zangu.

Mpe vizibo kumi avipange pembetatu: kimoja juu, viwili chini yake, vitatu, kisha vinne. Aandike pembeni jumla ya kila hatua, yaani 1, 3, 6, 10, na mwandiko wake utapata mazoezi bila kugombezwa. Akizizoea, mwachie pembetatu mbili zinazofuatana zikiwa karibu karibu mezani, ile ya vizibo sita na ile ya vizibo kumi, wewe uende zako jikoni. Usimwambie kwamba zikiunganishwa zinarudi kuwa mraba.